Shahada ya Pili

Nilipomwambia bibi yangu kwamba nasomea shahada ya pili, ya fedha, aliuweka chini ungo wake wa mihogo, akanitazama kama mtu aliyesikia jina la marehemu likiitwa njiani.

"Sema tena," alisema.

"Shahada ya pili, Bibi. Ya fedha."

"Astaghfirullah." Aliushika mkono wangu wa kulia, akakiinua kidole changu cha shahada, kile tunachokinyoosha katika sala, akakigeuza huku na huku. Kilikuwa na wino mpaka kwenye ukucha. "Ya kwanza uliipata hapa hapa, mume wangu. Nilikutamkisha mimi, hata meno hujaota. Huko Dar es Salaam wamekwambia haitoshi?"

"Si hiyo, Bibi. Hii ni ya chuo."

"Ya chuo ndiyo ile ile. Wewe chuo chako kilikuwa kwa Maalim Ahmadi."

Ningeweza kusema digrii. Mlimani, chuoni kwetu, kila mtu alisema digrii, hata waliokuwa wakihutubia kuhusu kurudisha heshima ya lugha yetu. Mimi sikutaka. Nilijifunza utunzi peke yangu, utotoni, nikiamia ndege katika mpunga na kuzihesabu mizani kwa vidole, na nilikuwa nimejiapiza kwamba nchi ikishakuwa huru ulimi wangu nao utakuwa huru. Neno la Kiswahili likiwapo, la Kiingereza halitapita kinywani mwangu. Kwa hiyo nilisema shahada, na nilisema fedha, nami nilikuwa na hakika nimesema vizuri.

Bibi Mboni akauokota ungo wake. Aliimenya mihogo iliyobaki, na midomo yake ilikuwa ikienda kwa dua.

Mwezi ule mikorosho yote ya Mikoroshoni, kitongoji chetu nje kidogo ya Tingi, ilikuwa imechanua. Harufu ya maua yale ni tamu na ina ukakasi kwa mbali, na pasipo upepo hukaa juu ya ardhi kama maji. Watu hutembea ndani yake taratibu, kama walioamshwa kabla usingizi haujaisha. Nilikuwa nimeisahau. Siku za kwanza niliamka kila asubuhi nikidhani naendelea kuota, nikasikia mchi unatwanga, nisijue kama unatwanga nyumba ya pili au ndani ya kichwa changu.

Lakini kazi yangu haikuwa ya kuota. Masomo niliyokuwa nayo hayana mtihani wa kukaa dawatini. Unauliza swali moja ambalo hakuna aliyelijibu, unakwenda kuutafuta ushahidi wake, unarudi unaandika tasnifu, wenye elimu wanaisoma na kukupa shahada au kukunyima. Swali langu lilikuwa hili: mkulima wa pwani yetu ya kusini anavukaje kutoka msimu mmoja wa korosho hadi mwingine? Akiba yake huiweka wapi, na akipungukiwa hukopa kwa nani?

Msimamizi wangu, Dokta Gregori, alikuwa amelijibu kabla sijaondoka. "Hana akiba wala mkopo," alisema darasani, mbele ya wenzangu wote. "Ana bahati tu. Mfumo wa fedha uliingia kusini siku benki ilipoingia."

Nilisimama bila kuomba ruhusa. "Hiyo si kweli," nilisema.

Dokta Gregori alivua miwani yake, akaipangusa kwa tai.

"Leta ushahidi," alisema. "Mvua za vuli zikianza haujafika, nafasi yako nampa mwingine. Wanaoitaka wapo."

Sikuogopa, kwa sababu nilikuwa nimelelewa ndani ya ushahidi. Bibi yangu alikuwa mtu wa amana. Tangu nilipokuwa natambaa niliwaona wanawake wakiingia kwa mlango wa uani na kitu kimefungwa kwenye pindo la khanga, wakitoka na pindo tupu. Wengine waliingia na pindo tupu wakatoka nalo limejaa. Hawakuandika kitu. Walikuwa Waislamu na Wakristo, wa Tingi na wa Njinjo, na miaka ya njaa sikuona nyumba yoyote ya kitongoji chetu ikizima moto. Pale palikuwa na mfumo. Nilikuwa nimeulalia usingizi wangu wote wa utoto. Ilibaki kuuliza tu, na kuandika.

Nilianza kuzunguka mashambani. Wakubwa niliwaamkia shikamoo, wakaitika marahaba, wakanipa maji na kigoda. Nikifungua kinywa kuuliza habari za akiba, mtu alikumbuka kuku wake.

"Mama Rosalia," nilimwambia jirani yetu mmoja, Mkatoliki aliyeolewa kutoka milimani, mwenye kicheko cha kusikika mbali, "mbona leo kila mtu ana kuku?"

"Ni mwaka wa kuku, baba."

"Ukipungukiwa kabla ya korosho, unakwenda kwa nani?"

"Nakwenda kwa Bikira Maria." Akacheka, kisha akaacha. "Fakihi mwanangu, mimi si wa dini yenu, sitaki kuingilia. Lakini hivi ni kweli umeapa kwa fedha?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Neno langu zuri lilikuwa limetoka uani kwetu, likapita kisimani, likafika mashambani kabla yangu. Mjukuu wa Bibi Mboni, aliyepewa jina la wanazuoni, kaenda mjini katamkishwa shahada ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya Mungu, hii ya sasa ni ya fedha. Watu wakisikia hivyo, nani atamfungulia mlango?

Aliyenisaidia ni Likwata, balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa Mngindo, mtani wetu, na utani kwake ulikuwa kazi ya pili baada ya chama. Alinishika bega asubuhi moja kisimani, ndoo zote zikiwa zimepangwa na wenye ndoo wanasikiliza.

"Huyu Mmatumbi mnamwogopa bure," alisema. "Wamatumbi hata wakiabudu fedha, fedha yenyewe itawakimbia. Haya, shemeji, inua kidole utamke. Moja tu ile ya zamani. Ukikosea tunakutumbukiza."

Nilikuwa na hasira hata masikio yalinivuma. Mimi, mtu wa Mlimani, natamkishwa kisimani kama kichanga. Lakini niliinua kidole changu chenye wino, nikatamka. Sauti yangu ilitoka ndogo, na nyuki wa mikorosho walikuwa wakivuma juu yetu, na kwa muda ule niliona kama si mimi ninayetamka, ni yule mtoto asiye na meno mikononi mwa bibi.

"Imekwisha," alisema Likwata. "Ile ya fedha ni digrii tu. Kwa nini hukusema digrii tokea mwanzo?"

Wakacheka. Nikacheka nami, mwishowe. Toka siku hiyo waliacha kunikwepa. Walinipa mihogo ya kuchoma na habari za kila namna: nani alimkimbia nani, ngiri waliingia shamba gani. Habari za amana hawakunipa.

Nilimwendea bibi mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba, akisuka ukili wa mkeka.

"Bibi, wewe ndiye unayejua. Niambie wewe."

"Nijue nini?"

"Wanachokuwekea. Kinavyotoka kwa huyu, kinavyomfaa yule. Wapo watu wakubwa wanaosema hatuna akili ya kuweka. Nataka kuwaonyesha."

Aliendelea kusuka. "Mtu akiniwekea kitu, mume wangu, anaweka vitu viwili. Kimoja nakishika mkononi. Cha pili ni kwamba hakuna anayejua. Ukikipata hicho cha pili, nitamrudishia nini?"

"Ni kwa heshima yenu," nilisema.

"Ni kwa heshima yako," alisema, bila ubaya, na kuuvuta ukili wake ukanyooka.

Wiki ile ile Likwata alikuja bila utani. Alisimama katikati ya kitongoji na karatasi ya chama, akatusomea. Tulikuwa tunahamia Tingi, kando ya barabara, kwenye kijiji kipya cha ujamaa, ambako kutakuwa na shule, zahanati na bomba la maji. Lori lilikuwa njiani. Kila mmoja apange vyake.

Mimi niliuamini ujamaa kwa moyo wote; nilikwishautungia beti nyingi. Hata hivyo niliyatazama maua ya mikorosho ile, korosho ambazo zingekomaa sisi hatupo, nikaona kitongoji kizima kimekuwa chepesi, kana kwamba mtu akipuliza tu kitaondoka.

Bibi hakupanga vyungu wala mikeka. Aliniita ndani.

"Sitavuka kizingiti hiki na kitu cha mtu," alisema. "Huko barabarani sijui nyumba itakuwaje, sijui nani atalala ukuta wa pili. Kila kimoja kitarudi kwa mwenyewe kwanza. Na kurudisha kunataka mashahidi. Mungu ni shahidi wa kwanza. Wa pili ni lazima awe mtu, ili mwenye kitu asije akasema hakupewa, nami nisije nikasema nimempa. Alikuwa ndugu yangu, naye tumeshamzika. Nataka uwe wewe."

Moyo wangu uliruka. Nakiri haukuruka kwa sababu ya heshima ile. Niliona tasnifu yangu imekuja yenyewe, imeingia kwa mlango wa uani.

"Nitakuwa," nilisema.

"Ngoja. Shahidi wa amana anaona, kisha hakuona. Kwa mke wako, kwa hakimu, kwa Likwata na karatasi zake. Mimi nikifa, vilevile. Umekubali?"

"Nimekubali."

"Mbona haraka?"

"Nimekubali, Bibi."

Alinitazama kwa macho yake ambayo yalikwishaanza ukungu, akaacha. Nadhani aliona kila kitu.

Ilikuwa asubuhi, jua halijapata nguvu, na ukungu ulikuwa umelala kati ya miti. Nilikaa mkekani upande wa kushoto wa bibi. Watu walikuja kwa mlango wa uani, mmoja akitoka ndipo mwingine anaingia, na mbele ya kila mmoja bibi alisema, "Hiki si chako?" naye akasema, "Ni changu," nami nikainua kidole cha shahada kuonyesha kwamba nimeona.

Walikuja nani, sitasema. Walichukua nini, na nini kilikuwa kimesimama badala ya nini, na nani alikuwa amevushwa mwaka wa njaa na kitu cha nani, na mwenye kitu alijuaje na aliyevushwa hakujuaje, hayo pia sitasema. Nitasema tu linaloweza kuonwa na mpita njia: wengine waliingia wanalia wakatoka wanatabasamu, na mmoja aliingia anatabasamu akatoka akijifunika uso. Harufu ya maua ilijaa chumbani. Bibi hakukosea fundo hata moja. Na kadiri asubuhi ilivyokwenda, jambo lile lote, ambalo nililiishi bila kuliona, lilijikunjua mbele yangu kipande kwa kipande, kama shairi ambalo vina vyake unavisikia kabla hujayajua maneno. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyombishia Dokta Gregori. Lilikuwa zuri. Mkono wangu ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, hata sikujua tena kama ni mimi ninayeuinua.

Wa mwisho alipotoka, bibi alijipangusa mikono.

"Umeona?" aliniuliza.

"Sikuona," nilisema.

"Basi twende tukapange vyungu."

Tulihamia Tingi. Tuliishi wiki za kwanza chini ya makuti mapya yanayonuka ubichi, vumbi la barabara likiingia pamoja na taa za malori. Nilikaa na kalamu yangu. Kila nilipofumba macho niliiona asubuhi ile, nzima, kila fundo mahali pake. Nilichokuwa nimekiona kingenipa shahada na kingebaki na jina langu. Karatasi iliendelea kuwa nyeupe.

"Bila majina, Bibi," nilisema siku moja. "Nikiandika bila jina la mtu wala la kijiji?"

Alikuwa anakandika ukuta. Hakugeuka. "Mwenye kitu akikisoma, atakijua?"

"Hawasomi Kiingereza. Tasnifu iko Mlimani, Bibi. Watakaoisoma wako mbali."

"Nawe utakuwa wapi?"

Nilingoja aendelee. Alichota udongo mwingine, akaubandika.

Nilikwenda Nangurukuru, nikapata lori la kwenda Dar es Salaam. Njia nzima nilisinzia juu ya magunia ya ufuta na kuota kidole changu kimekuwa kalamu, kinaandika chenyewe, na wino wake ukifika karatasini unageuka maji. Nilipoamka mto wa Rufiji ulikuwa umeshapita nyuma yetu na nilikuwa bado sijaamua.

Dokta Gregori alitupokea darasani, wenzangu wote wapo. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka madirishani.

"Haya, Fakihi," alisema. "Mkulima wetu. Anavuka kwa bahati, au vipi?"

"Si kwa bahati."

"Upo mfumo?"

"Upo."

"Umeuona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu."

Alivuta kiti chake mbele. Niliona amefurahi, furaha ya kweli, ya mwalimu anayetaka kushindwa. Hilo sikulitegemea, na liliniuma kuliko kama angenidharau. "Tueleze," alisema.

Kila kitu kilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Mimi ambaye sijawahi kuachia neno la mwisho limpate mwingine, nilisimama pale, feni inazunguka juu, na badala ya jibu ikanijia mistari miwili, mizani imetimia bila kuihesabu:

*Nimeona sikuona, moyo wangu ndio kasha,*
*kilofungwa kwa amana, ulimi hautapasha.*

Hata hiyo sikuisema.

"Siwezi," nilisema. "Niliuona nikiwa shahidi. Nimekubali kutokusema."

Evaristo, mwenzangu aliyekuwa akiingoja nafasi yangu tangu mwanzo, aliinama kwa mwenzake. "Mshairi kakosa kina," alinong'ona, kwa sauti ya kusikika. Wakacheka. Damu ilinipanda, nikashika kingo za meza mpaka ikashuka.

Dokta Gregori hakucheka. "Mimi nakuamini," alisema. "Shida ni kwamba tasnifu haisomwi kwa kuamini. Bila ushahidi siwezi kukupa shahada."

"Najua, Dokta."

"Mwakani waweza kuomba upya. Chukua swali lingine, lile la vyama vya ushirika. Kule kuna mafaili, na mafaili hayana siri na mtu."

"Nitaomba," nilisema, na nilimaanisha. Nilikuwa bado naitaka. Hata leo naandika haya nikiitaka.

Nilipotoka nje, matone ya kwanza ya vuli yalikuwa yanaanguka kwenye vumbi la Mlimani, makubwa, moja moja.

Nilifika Tingi asubuhi, nimelowa. Bibi alikuwa amelala kitandani. Baridi ilikuwa imemwingia viungoni na mikono yake haikuweza tena kufunga fundo. Aliniuliza habari za safari, nikamwambia njema. Aliniuliza kama nimekula. Hakuuliza lingine. Alikishika kidole changu cha shahada, akakitazama. Wino ulikuwa umetoka kwa mvua.

"Nenda ukapumzike uani," alisema. "Ule mlango uache wazi."

Nilikaa uani, chini ya makuti, nikisikiliza maji. Mvua ilipopungua, akaja mtu. Sitamtaja. Aliniamkia, nikaitika, akasimama kwenye matone akishika pindo la khanga yake.

"Wameninyima shahada," nilimwambia, ili ajue mapema, asije akadhani amemkuta msomi.

"Tumesikia kwa watu wa lori lililokuleta," alisema. "Wangekupa, nisingekuja."

Akaanza kulifungua fundo. Nilijipangusa mikono kwenye shuka, nikainyoosha.